Kuanguka Makusudi

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo wa Texas haujaamka, nilivaa parachuti, nikajifunga mikanda, nikapaa na mwalimu wangu kwenda kuanguka makusudi. Tulianguka mara sita. Kila mara ndege ilizunguka kama pia, na kila mara niliisimamisha mwenyewe. Mara ya sita mwalimu, ambaye hukaa kiti cha mbele, aliinua mikono yake miwili juu ya kichwa ili nione kwamba hagusi kitu.

Mama yangu, aliye Voi, Kenya, ameniuliza mara tatu kwa simu kwa nini nafanya haya, na sijawahi kumjibu sawasawa. Naandika hapa ili nipate kumjibu.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nasomea leseni ya urubani katika shule ambayo sitaitaja. Siku moja tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuruka polepole. Nilikuwa nimekandamiza pedali ya mguu wa kushoto kupita kiasi bila kujua. Bawa la kushoto likaanguka ghafla, kioo cha mbele kikajaa mashamba. Mwalimu wa wakati ule alininyang'anya usukani, akainyoosha ndege, akaniambia nisirudie tena. Nisirudie nini? Hakueleza, na mimi nilikuwa natetemeka kiasi cha kushindwa kuuliza. Leseni niliipata, lakini mwaka mzima, kila nilipokata kona ya mwisho kwenda kutua, viganja vilikuwa vinalowa jasho.

Nikaanza kutafuta mtu wa kunieleza. Nikampata mzee mmoja mwenye Pitts S-2B, ndege ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, iliyoshonewa kitambaa. Ni ndogo mno. Toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 6 tu, na puani ina injini ya nguvu farasi 260. Ikiwa chini, pua yake inaziba kila kitu mbele, kwa hiyo unatembea nayo kwa kupinda kushoto na kulia kama nyoka ili uone njia. Mafuta na oili yake vimepangwa viendelee kufika kwenye injini hata ndege ikiwa kichwa chini miguu juu.

Somo la kwanza alinifundishia kwenye benchi nje ya banda. Watu wengi hudhani ndege huanguka kwa sababu injini imezimika. Sivyo. Bawa huacha kubeba pale linapoinuliwa mno mbele ya upepo unaolijia, hata hewa inayopita juu yake ikabanduka. Ikiwa wakati huo ndege inakwenda kiubavu, pua imegeuzwa kando, bawa moja hupoteza zaidi kuliko mwenzake, na ndege huanza kuzunguka ikishuka. Ukiogopa ukavuta fimbo ya usukani ili pua iinuke, unaidumisha katika hali ile ile. Dawa yake ina hatua nne: punguza mafuta hadi mwisho, weka fimbo katikati, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, kisha sukuma fimbo mbele.

Kusukuma ndiko kugumu. Ardhi inazunguka mbele ya macho yako, mistari ya pamba imekuwa duara, na mwili mzima unakulilia uvute. Hapo nilikumbuka kaka zangu walivyokuwa wakichonga pia za mbao na kuzichapa kwa kamba ya katani kwenye udongo mwekundu wa nyumbani. Pia inazunguka kwa sababu unaichapa. Ukiacha kuichapa, inalala. Nilisukuma, mzunguko ukakatika, na tulikuwa tunashuka wima kimya kimya huku spidi ikirudi. Nikavuta taratibu. Nililia kidogo, na mwalimu akaniacha nilie.

Mama ana sababu ya kuogopa. Mtu wa Voi hasahau kirahisi ndege za mabawa mawili. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, alipaa pale na Gipsy Moth yake, akazunguka uwanja mara mbili, kisha ndege ikaanguka na kuwaka moto. Wageni wanaokuja kusikiliza habari hiyo humtaja yeye. Alikuwapo pia Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, aliyekufa naye pale pale, na ningependa kila anayeisimulia amtaje Kamau. Sijui ni nini kiliiangusha, lakini najua kwamba ukiwa chini vile huna nafasi ya kurekebisha kosa.

Ndiyo maana sisi huanzia futi 5,000. Sheria ya Marekani inakataza sarakasi za angani chini ya futi 1,500 na juu ya miji, na mkiwa wawili ndani kila mmoja lazima avae parachuti. Mwalimu ana sheria yake nyingine: kabla ya kupanda unatoa kila kitu mfukoni. Niliielewa siku ya tatu, tulipogeuka kichwa chini kwa mara ya kwanza. Vumbi lilipanda kutoka sakafuni, na ndani ya lile vumbi ikapita senti moja mbele ya uso wangu, polepole, ikagonga kioo cha juu na kukaa hapo. Haikuwa yangu. Ilikuwa imejificha chini ya pedali, nani ajuaye kwa muda gani, na senti kama ile ikikwama kwenye nyaya za usukani inatosha kuua. Sasa kila asubuhi napiga magoti na tochi na kukagua sakafu kwa vidole.

Mwaka jana nilikwenda jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, karibu na Washington, kuiona Pitts ndogo nyekundu na nyeupe ya Betty Skelton, rubani wa sarakasi za angani. Imetundikwa kichwa chini. Ndege za aina hii zilianza na Curtis Pitts mwaka 1944, na Skelton alishinda ubingwa wa sarakasi wa wanawake wa Marekani kwa hiyo moja mwaka 1949 na 1950. Alikuwa akikata utepe ulio futi 10 toka ardhini huku amepinduka. Mashirika ya ndege ya wakati wake hayakuajiri mwanamke kuwa rubani. Nilisimama chini ya ndege yake muda mrefu nikitazama kiti kile kidogo.

"Mwanangu, hata ndege wa Mungu hawapinduki," mama aliniambia. Nikamwambia, "Mama, pungu je?" Pungu, yule tai wa mkia mfupi tunayemwona Tsavo, hubiringika angani akimtaka jike. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Basi yule amezaliwa nayo. Wewe umezaliwa na miguu."

Na kweli, kazi ni ya miguu. Jumamosi, baada ya zile sita, mwalimu alisema nimalize kwa duara la wima. Spidi maili 150 kwa saa, kisha vuta. Mimi mwenye kilo 62 nikawa kama kilo 248 kwa nguvu ya mvuto wa duara, mashavu yakashuka, nikakaza tumbo na mapaja ili damu isikimbie kutoka kichwani. Upeo wa macho ukapotea, nikatazama ncha ya bawa la kushoto. Juu kwenye kilele lazima ulegeze mkono, ndege iachwe ielee kidogo, la sivyo duara linabonyea kama yai. Mguu wa kulia ukasukuma pedali kidogo kidogo spidi ilipopungua, ukarudi ilipoongezeka. Mashamba yakaja kutoka juu ya kichwa changu.

Mwalimu alikuwa ameniambia tangu mwezi wa kwanza kwamba duara kamili linajitambulisha lenyewe kwa mtikisiko, kwa sababu unarudi ulipoanzia na kukuta hewa uliyoichafua mwenyewe. Kwa miezi kumi nilimaliza kila duara katika hewa tulivu.

Safari hii, nilipokuwa nanyoosha pua, ndege ilitikisika mara moja, tuk, kama gari linalopita juu ya tuta.

"Umesikia?" mwalimu akauliza.

Nilimpigia mama nikiwa bado na parachuti mgongoni.