Nilivyoachana na ufunguo masta kwenye ghorofa letu hapa Tanga

Nasimamia ghorofa la shangazi yangu Ngamiani, chini maduka, juu vyumba vya wapangaji na ofisi mbili tatu, mwenyewe shangazi yupo Muscat. Vitasa vya juu vyote viliwekwa kwa mfumo wa masta, yani kila mpangaji ana ufunguo wa mlango wake tu ila kuna mmoja unafungua yote. Wenye nyumba wengi wanaupenda huu mfumo na nawaelewa, ukiwa na milango mingi kubeba tita la funguo ni tabu.

Sasa kuna dada mshonaji alienda msibani Pangani, kurudi anakuta cherehani imesogezwa na vitambaa vya wateja vimepungua, mlango umefungwa vizuri na kitasa hakina hata mkwaruzo. Akanambia, "Kaka, aliyeingia humu ana ufunguo." Mimi nikaanza kufuatilia nakala za ule masta ziko kwa nani. Fundi bomba anayo toka siku tangi lilipovuja, mama wa usafi anayo, dalali anayo ya kuonyeshea watu vyumba vitupu na kumbe kachonga nyingine ya kijana wake, mlinzi wa zamani kahamia Muheza na yake iko mfukoni. Wote walipewa kwa sababu ya maana kabisa, na simtuhumu hata mmoja wao, ila nakala inachongwa barabarani dakika chache na hakuna anayekuuliza mlango ni wa nani.

Nikampelekea fundi funguo silinda moja, yani ile sehemu ya kitasa unapoingiza ufunguo. Akaifungua juu ya kitambaa, pini ndogo za shaba zikamwagika, akanionyesha. Kitasa cha kawaida ndani ya silinda kuna safu ya matundu, kila tundu lina pini mbili, ya chini na ya juu, na springi inayozisukuma, ukiingiza ufunguo sahihi meno yanainua pini mpaka maungio yote, yani pale pini mbili zinapokutana, yanakaa kwenye mstari mmoja ndo silinda inazunguka. Kwenye kitasa cha masta katikati ya zile pini kunaongezwa kipande kingine chembamba, alikiweka kidoleni hakizidi punje ya ufuta, hicho ndo kinaleta maungio mawili badala ya moja. Maana yake tundu linakubali urefu wa aina mbili, na ukichanganya matundu matano hayo unakuta funguo nyingi zaidi ya zile mbili ulizokusudia zinaweza kufungua.

Usiku nikasoma zaidi, nikazidi kuogopa. Kuna mtaalamu wa Marekani, Matt Blaze, mwaka 2003 alionyesha kwamba mtu mwenye ufunguo wa chumba chake tu, na funguo chache ambazo hazijachongwa, anaweza kujaribu tundu moja moja kwenye kitasa chake mwenyewe mpaka akapata masta ya jengo zima bila kuwahi kuiona. Kwa hiyo hata ningezikusanya nakala zote mpaka ile ya Muheza, tatizo lingebaki palepale.

Nilipompigia shangazi hakukubali haraka. Akasema, "Mwanangu, ukiwaka moto usiku mtu kalala ndani, utafungua na nini?" Swali la haki kabisa, na ndo sababu miji mikubwa imejikuta kwenye shida hii. New York wazimamoto wana ufunguo mmoja wa kuendeshea lifti za majengo mengi, jambo jema, lakini mwaka 2012 gazeti la New York Post lilinunua mtandaoni seti ya funguo tano za namna hiyo kwa dola 150 tu. Na zile kufuli za mabegi ya safari zinazofunguliwa na wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani, picha ya funguo zake ilitoka gazetini na mwaka 2015 watu wakazichapisha kwa printa za plastiki na zikafungua. Nakala ikishatoka huwezi kuirudisha, utabadilisha vitasa tu.

Basi tukakubaliana hivi. Kitasa chenyewe tumekiacha, tumebadilisha silinda peke yake, kila mlango na yake isiyoingiliana na nyingine, na hapo gharama inapungua sana kuliko kung'oa kila kitu. Nikafanya sakafu kwa sakafu kadiri kodi ilivyoingia, nikaanza na dada mshonaji. Ufunguo wa akiba wa kila chumba upo kwenye bahasha, mpangaji mwenyewe anaifunga na kusaini pale inapofungwa, zinakaa kwenye sanduku la chuma kwa mwenye duka la chini ambaye analala hapohapo, ukitokea moto anachana bahasha anafungua huku mwingine anapiga 114 Zimamoto. Bahasha ikichanika kila mtu anaona. Chumba cha mita, pampu na mlango wa paa vina ufunguo wao mmoja usiofungua kwa mtu yeyote, huo ndo anapewa fundi, anasaini daftari na kurudisha siku hiyohiyo.

Dalali alikasirika, eti namsumbua na wateja wake. Sasa anampigia mwenye duka, anasubiri kidogo, wanapanda wote. Geti la barabarani bado ni la wote na sina namna, hilo nabadilisha silinda kila mpangaji akihama, na shangazi kakubali itoke kwenye kodi.