Mapigo 46

Mwishoni mwa mwaka 2020 mama mmoja aliingia kliniki na mfuko wa dawa mkono mmoja, karatasi iliyochapishwa mkono wa pili. "Daktari, nimesoma kwamba dawa za presha zinatibu sonona. Mimi nameza moja tayari. Niongezee."

Utafiti aliousoma ulikuwa wa kweli, umetoka Denmark Agosti ile. Zilipitiwa rekodi za matibabu za watu zaidi ya milioni 3.7 na dawa 41 za presha. Waliotumia tisa kati yake walipata sonona kwa uchache zaidi: enalaprili, ramiprili, amlodipini, verapamili peke yake au ikiwa imechanganywa, propranololi, atenololi, bisoprololi na kavediloli. Dawa za kukojosha hazikuonyesha tofauti.

Yake haikuwamo. Mfukoni mlikuwa na metoprololi ya presha, miligramu 100 kwa siku, na paroksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 aliyoanzishwa miezi miwili nyuma. Nilipoviona vidonge hivyo viwili pamoja niliweka karatasi pembeni, nikamshika kifundo cha mkono. Nilihesabu dakika nzima, si sekunde 15 za kuzidisha kwa nne. Mapigo 46. Presha 118/70.

Nikamuuliza siku zake zinakwendaje. Analala hadi saa sita mchana. Ngazi zikizidi chache anasimama kupumua. Akiinuka kitini anaona kiza. Kwenye faili lake yote hayo yalikuwa yameandikwa mara mbili kwa maneno yaleyale: sonona haijapungua.

Metoprololi huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho CYP2D6, na paroksetini hukizuia kimeng'enya hichohicho. Dozi haibadiliki, lakini dawa inayobaki kwenye damu hupanda mara kadhaa. Moyo unakwenda polepole, mwili unaishiwa nguvu, na uchovu huo unafanana mno na sonona.

Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kizuizi cha umeme huo, na hakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo metoprololi ingeweza kuondolewa. Si kwa siku moja, hata hivyo: ikikatwa ghafla, mapigo hukimbia, presha hupaa, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Tuliishusha hadi miligramu 50 kwa wiki moja, kisha 25 wiki ya pili, kisha basi. Wiki hiyo ya pili, presha ilipoanza kupanda, tuliingiza amlodipini miligramu 5, nikamtahadharisha kwamba vifundo vya miguu vinaweza kuvimba. Paroksetini hatukuigusa. Ukibadilisha dawa mbili kwa wakati mmoja hutajua ipi imefanya nini, na yenyewe ikiachwa ghafla huleta kizunguzungu na kama shoti kichwani.

"Kwa nini si enalaprili? Nayo imo kwenye orodha."

Lilikuwa swali zuri. Denmark hawakumpa mgonjwa wa sonona kidonge cha presha waone kama atapona. Waliwafuatilia watu waliokuwa wakizitumia tayari, wakahesabu nani aliugua baadaye. Tena Scotland, mwaka 2016, rekodi za wagonjwa 144,066 zilionyesha kwamba wanaotumia vizuia beta (kundi la metoprololi) na dawa za kundi la amlodipini hulazwa kwa matatizo ya hisia takriban mara mbili ya wanaotumia kundi la enalaprili. Dawa inayosifiwa huku inalaumiwa kule. Dhana yenyewe, kwamba mfumo wa anjiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu na ambayo enalaprili huipunguza, unagusa inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) na hisia kwenye ubongo, naiona ina uzito na inastahili majaribio ya kweli. Lakini amlodipini nilimwandikia kwa ajili ya presha yake tu.

Wiki ya nne mapigo yalikuwa 68, presha 132/80. "Nguvu zimerudi, Daktari. Ngazi napanda. Lakini asubuhi huzuni bado ipo palepale."

Tukaiacha amlodipini ilivyo, paroksetini tukaipandisha hadi miligramu 30, nikamwandikia aonane na mshauri nasaha kila wiki.