Kabla hujaiita SOTUS S tamthilia ya kuchosha

Lawama inayoiandama SOTUS S, msimu wa pili wa SOTUS, tamthilia ya Kithai ya mapenzi ya wanafunzi wawili wa kiume, tangu itoke ni moja: inajikokota. Wanaosema hivyo mara nyingi waliingia wakitafuta kile kilichowanasa msimu wa kwanza, yaani mwaka wa kwanza mbishi, mwaka wa tatu mkali, na sisi watazamaji tukihesabu sehemu mpaka mmoja wao akubali yaishe. Hicho hakipo tena. Kongpob na Arthit wameshakuwa wapenzi. Kilichobaki ni nani aambiwe, na lini.

Tupange miaka kwanza, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Katika SOTUS yenyewe, sehemu 15 zilizorushwa na One31, kituo cha televisheni cha Thailand, kuanzia Agosti 2016 hadi Januari 2017, Kongpob ni mwaka wa kwanza wa uhandisi na Arthit ni mwaka wa tatu, kiongozi wa wakubwa wanaowaendesha wageni mchakamchaka. SOTUS S, sehemu 13 za Desemba 2017 hadi Machi 2018, inaruka miaka 2. Sasa Kongpob ndiye mwaka wa tatu na amevikwa cheo kilekile cha kufoka. Arthit amehitimu, ameajiriwa kwenye kampuni ya Ocean Electric, na huko yeye ndiye mgeni anayetumwa huku na kule. Kisha Kongpob anakuja kufanya mafunzo kazini palepale, na wawili waliozoea kujificha chuoni wanajikuta wanajificha ofisini, mahali ambapo umbea husafiri haraka kuliko barua pepe.

Ukiitazama kama tamthilia ya ofisini, mwendo wake unaeleweka. Ile kimya ndefu kwenye meza ya kazi, mtu kujibu kwa adabu iliyozidi, kutembea hatua mbili nyuma ya mwenzio ili msionekane mmetoka pamoja: hayo ndiyo matukio yenyewe. Ukiruka dakika mbilimbili kusubiri jambo litokee, utakuwa umeliruka.

Sikiliza pia maneno mawili ya Kithai ambayo maandishi ya tafsiri huyameza. La kwanza ni phi, analoitwa mtu aliyekuzidi umri au darasa, awe mwanamume au mwanamke. Mdogo ni nong. Kongpob haachi kumwita P'Arthit, na hiyo P' ni phi iliyofupishwa. Chuoni neno hilo lilikuwa amri, kwa sababu mfumo mzima wa SOTUS, ule wa wakubwa kuwasimamia wanafunzi wapya vyuoni, umesimama juu ya ukubwa, utaratibu, mila, umoja na ari. Mbele ya wafanyakazi wenzao linageuka kificho kizuri, kwa kuwa kila kijana pale ana mtu wa kumwita phi. Wakiwa wawili tu, neno lilelile ni la kubembeleza. Ukisoma tafsiri peke yake utaona jina tupu, na mabadiliko hayo ya sauti yatakupita.

La pili ni faen, mpenzi au hata mwenza wa ndoa, bila kutaja jinsia. Mthai akiulizwa ofisini kama ana faen anaweza kuitikia ndiyo, asiseme uongo wala asitoboe siri. Tafsiri ya Kiingereza mara nyingi hulazimika kuchagua jinsia, na hapo mlango ambao mwandishi aliuacha nusu wazi unafungwa. Sisi tuna bahati: "mpenzi" inakaa pale bila kulazimishwa, na "yeye" wetu hatoboi siri.

Vitu viwili vidogo vinafaa kukumbukwa kutoka msimu wa kwanza. Kimoja ni gia, nembo ya wanauhandisi: kumpa mtu gia yako ni kumpa moyo. Kingine ni nom yen, maziwa ya barafu yaliyotiwa sharubati nyekundu ya sala hadi yakawa ya waridi, kinywaji cha Arthit. Mtu aliyeogopwa na kundi zima la wanafunzi, mkononi ana bilauri ya waridi. Huo ni wasifu wake wote.

Udhaifu upo. Hadithi za wanafunzi wapya chuoni ni nyepesi kuliko za ofisini, na zinakula muda. Ila usiruke pale Kongpob anapowasimamia wadogo, kwa sababu ndipo unapoona amejifunza nini kwa Arthit na amekataa kurithi nini.

Ukilinganisha na tamthilia nyingine za Kithai za aina hii zilizorudi, Still 2gether ya Agosti 2020 ilimaliza kwa sehemu 5 tu, na ikaridhika kuwaonyesha wapenzi wake, Tine na Sarawat, wakiishi pamoja. Msimu wa pili wa TharnType umejitangaza kwa jina lake, 7 Years of Love. Love by Chance, iliporudi mwaka huohuo wa 2020 kama A Chance to Love, ilihamishia uzito kwa Tin na Can, na waliokuja kwa ajili ya Ae na Pete, wapenzi wakuu wa msimu wa kwanza, wakabaki na kinyongo. SOTUS S ilikuwa na kitu ambacho hakinunuliki: Krist na Singto, waigizaji wa Arthit na Kongpob, walirudi wote wawili, na hadithi ikabaki yao.

Ukiitafuta YouTube, angalia herufi ya mwisho. SOTUS na SOTUS S hutokea pamoja, na kuna watu wameanza msimu wa pili wakidhani ni wa kwanza, kisha wakashangaa hawa wawili wamezoeana lini. Kwenye chaneli ya GMMTV, kampuni iliyoitengeneza, sehemu moja hukatwa kwa kawaida vipande vinne, vimeandikwa 1/4 hadi 4/4. Fuata orodha ya chaneli yenyewe. Ukiiachia programu ikuchagulie, baada ya 2/4 utaletewa video ya mashabiki yenye busu la sehemu ya mwisho. Our Skyy ya 2018, mkusanyiko wa hadithi fupi za wapenzi wa tamthilia mbalimbali, yenye sehemu moja ya Arthit na Kongpob, iweke baada ya sehemu ya 13.