Changu namba 15

Kuna jamaa kaniuliza juzi ile modeli yangu ya kompyuta ya kutambua samaki kwenye picha imefikia wapi, nikamwambia bado niko kwenye maboksi, akadhani nimehamia biashara ya vifungashio.

Haya ngoja niwahadithie. Shangazi yangu anauza samaki hapa Tanga, soko la Deep Sea, miaka na miaka, mi nikajiwa na wazo kwamba ukiielekeza simu kwenye beseni ikwambie huyu changu, huyu tasi, huyu pono, na wako wangapi. Nikajipa wiki mbili. Wiki mbili jamani! Nikashusha YOLOv8, modeli ya kutambua vitu kwenye picha, ile ndogo kuliko zote ya kampuni ya Ultralytics, faili halifiki hata MB 7, nikaipa picha ya nguru wa shangazi hivyo hivyo bila kuifundisha chochote, ikanijibu ndege. Nguru mzima kalala mezani, ndege. Kumbe imefundishwa kwa picha za COCO, mkusanyiko wa picha zilizokwishawekwa majina, zile zina aina 80 za vitu, twiga yumo, pundamilia yumo, mpaka mswaki umo, samaki hayumo.

Kwahiyo lazima uweke lebo mwenyewe, yani uioneshe kila samaki yuko wapi kwenye picha na anaitwa nani, na hapa ndo penye kazi, hayo mengine yote ni mbwembwe. Nikaanza na LabelImg, programu ya kuchorea hizo lebo, kwa sababu moja tu, haili bando. Unafungua folda, unabonyeza W, unavuta boksi kumzunguka samaki, unaandika jina, unabonyeza D inakuja picha nyingine. Kila picha inapata kifaili chake cha maandishi na kila samaki ana mstari wake wa namba tano: ya kwanza namba ya aina yake, afu katikati ya boksi iko wapi kwa upana na kwa urefu wa picha, afu boksi lenyewe lina upana gani na urefu gani, zote hizo nne ziko kati ya 0 na 1. Nimechora usiku kwa usiku, nyumbani Chumbageni, umeme ukikatika nalala, ukirudi naamka naendelea.

Siku ya kufundisha modeli, ikagoma. Inasema kuna lebo namba 15 wakati aina nilizotaja ni 6, namba zinatakiwa 0 mpaka 5. Nimezunguka siku nzima natafuta hiyo 15 katokea wapi mpaka nikaja kufungua orodha inayokuja na LabelImg yenyewe, nakuta mbwa, mtu, paka, supu ya nyanya, hambaga, vitu 15 vimeshajipanga kuanzia 0 mpaka 14, changu wangu kafika wa mwisho kapewa 15. Yani changu kapanga foleni nyuma ya hambaga. Nikaandika kaskripti, kaprogramu kafupi, ka Python kupunguza 15 kila mstari, yakaisha. Na bora iligoma, maana namba zingehama kidogo tu bila kuzidi ingejifunza pono kuwa tasi kimyakimya na mi nisijue.

Kufundisha nilifanya Colab, huduma ya Google ya mtandaoni, unapewa GPU ya bure, ile chipu ya kufanyia mahesabu mazito. Mara ya kwanza nimeiacha inaenda nikaenda kula, kurudi imeshakatwa na faili la modeli limepotea nalo, sikuwa nimelipeleka Google Drive. Mara ya pili ikamaliza, mAP 0.97, hiyo ni alama ya usahihi na ya juu kabisa ni 1, nikaruka mwenyewe chumbani. Kesho yake sokoni aibu tupu, changu anaitwa chewa, chewa haonekani kabisa, ndoo inaitwa pono.

Kosa lilikuwa langu. Samaki mmoja nilikuwa nampiga picha nane mpaka kumi mfululizo, afu nikazichanganya ovyo na kuzigawa za mafunzo na za mtihani, kwahiyo samaki yule yule, beseni lile lile, yuko huku na huku. Ni mtihani uliovuja huo. La pili alilitoa shangazi, nilimpelekea laptopu akaangalia kama dakika tano, akasema, "Mwanangu, huyu chewa umemwandika changu. Na huyu mkia wake umeupeleka wapi?" Boksi limemkata mkia kweli. Afu akataka changu doa atengwe, ana doa jeusi ubavuni na wateja wanamtaja kwa jina lake.

Basi nikarudia kwenye CVAT, programu nyingine ya kuchora lebo, ile iliyoanzia Intel, naiwasha kwenye laptopu yangu kwa Docker, kitu cha kuendeshea programu zilizofungashwa tayari, na binamu yangu anachora kwa kivinjari kwenye waifai hiyo hiyo, shangazi ndo hakimu wa majina. Roboflow ya mtandaoni nilishaionja, ni rahisi mno, lebo, kugawa picha, kufundisha, mpaka kuiweka hewani, vyote sehemu moja, ila ukitumia ya bure picha zako zinakuwa wazi kwa dunia nzima na zangu zina sura za wateja wa watu, sikutaka lawama. Safari hii nimegawa kwa siku, za Jumatatu mpaka Alhamisi za kufundishia, za Ijumaa mtihani. Ikatoka 0.61, na hii ndo ya kweli.

Nimeibadilisha kuwa TFLite, muundo mwepesi wa kuendesha modeli kwenye simu, nikaitia kwenye simu yangu ya Android iliyopasuka kioo, inaenda polepole lakini inaenda. Kuna jambo la leseni pia, YOLO ya Ultralytics ni AGPL-3.0, leseni ya programu huria, ukitengeneza programu ya kuuza juu yake na hutaki kuweka msimbo wako (code) wazi inabidi ununue leseni yao. Mi kwa sasa siuzi kitu, bado.

Jumamosi nikaenda nayo sokoni asubuhi. Nikamwamkia shangazi, nikaielekeza simu kwenye beseni, ikahesabu changu 7. Shangazi hata hakuinama kuangalia, akasema 9, wawili wako chini. Nikaanza kumweleza kwamba kamera haiwezi kuona aliyefunikwa, labda nipige picha pande mbili tofauti, labda nitafute namna ya kupima uzito, yeye kanisikiliza weee, akanyoosha mkono akamwinua wa juu.

"Haya piga tena."

Ikasoma 8.