Nota zilizoirudisha filamu

Usingizi hauji. Nimetoka kutazama Metropolis, filamu bubu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, huku okestra nzima ikipiga chini ya skrini.

Miezi michache baada ya kuzinduliwa Berlin, filamu hii ilikatwakatwa kwa kuonekana ndefu mno. Vipande vilivyoondolewa vilidhaniwa vimepotea kabisa, hadi mwaka 2008 ilipojulikana kuwa makumbusho ya filamu ya Buenos Aires yana nakala ya milimita 16 yenye takriban dakika 25 za ziada. Nakala hiyo ilikuwa imechakaa vibaya. Hata baada ya kusafishwa na kurudishwa ndani ya filamu, vipande vyake unavitambua mara moja: mikwaruzo inashuka kama mvua, na picha imepungua pembeni. Nafurahi kwamba warejeshaji hawakuyaficha hayo.

Ila kilichoninyima usingizi ni nota. Gottfried Huppertz aliitungia filamu hii muziki wake maalumu, na ndani ya nota akaweka alama zaidi ya 1,000 za kuonyesha mlio upi uangukie tukio lipi. Picha zikatupwa, karatasi zikabaki. Warejeshaji walizitegemea karatasi hizo kujua kipande kipi kitangulie na kipi kifuate. Basi tangu nikae nilikuwa nikiisikiliza okestra kwa heshima ya namna nyingine.

Mafuriko yalipoingia katika mji wa wafanyakazi chini ya ardhi, watoto wakimkimbilia Maria, shujaa wa kike wa filamu, nilijikuta namtazama kiongozi wa okestra. Mwimbaji akichelewa, wapigaji humsubiri; filamu haimsubiri mtu. Jicho moja skrini, jingine kwenye nota, mkono hautulii. Pigo la ngoma lilitua pale pale mkono wa Maria ulipotua, na machozi yakanitoka.

Filamu nyingi za enzi zile hazikutungiwa muziki wake. Mara nyingi mpiga piano wa ukumbi alibuni papo hapo, na alichokipiga kikaisha usiku uleule. Hizo zikirejeshwa leo, mwanamuziki hana karatasi ya kumwongoza, anaitazama picha na kuamua mwenyewe palipo na huzuni. Natamani kuitazama moja ya hizo mara mbili, kwa wapigaji wawili wasiojuana, nijue kama nitalia mahali palepale.