Pichi deki iliyotuletea mwekezaji, na ushauri tulioutupa

Wadau, naandika hii kwa wote mnaohangaika na pichi deki, yaani slaidi za kumwombea mwekezaji hela, sasa hivi, maana mimi nimetoka huko, hela imeingia, na bado nina hasira na ushauri tuliouziwa mwanzoni. Sisi tunapeleka nyanya, vitunguu na hoho kwenye magenge ya Sinza, Manzese na Tandale, mwenye genge anaagiza usiku kwa simu, asubuhi kirikuu iko mlangoni kwake, hana haja ya kuamka saa tisa usiku kwenda soko la Mabibo.

Sasa kuna mshauri tulimlipa laki tatu na ushee atutengenezee deki. Akaja na slaidi zaidi ya thelathini, nyingine zinazunguka zenyewe, na kwenye soko kaandika sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61, wote wanakula nyanya, tukipata asilimia 1 tu tumetoka. Anasema wawekezaji wanapenda namba kubwa. Haya, tukaenda Masaki, mama mwekezaji tuliyekutana naye akasikiliza kidogo tu akasema hebu ishia hapo, genge moja linakuachia shilingi ngapi kwa mwezi? Jibu nilikuwa nalijua kama jina langu, lipo kwenye daftari la oda, lakini kwenye deki nzima halipo! Hatukupata kitu siku ile, ila lile swali lilinifundisha kuliko slaidi zote za yule bwana.

Nikafuta kila kitu. Muundo nilichukua wa Sequoia Capital, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, wameuweka wazi mtandaoni: tatizo, suluhisho, kwa nini sasa, soko, washindani, bidhaa, hela inavyoingia, timu, hesabu. Na Guy Kawasaki, mwandishi wa Marekani wa mambo ya startapu, anasema slaidi 10, dakika 20, maandishi yasishuke saizi 30, nami nikaishika hiyo, kwa saizi 30 porojo hazipati pa kukaa.

Kilichosaidia zaidi ni vichwa vya slaidi. Usiandike "Tatizo" ukaacha hapo, andika sentensi nzima yenye dai, mfano "Mwenye genge anapoteza asubuhi nzima na nauli ya boda kufuata tenga moja la nyanya". Nilipomaliza nikanakili vichwa peke yake, bila picha bila nini, nikamtumia dada yangu WhatsApp, yeye ni nesi, habari za startapu hazimhusu kabisa. Nikamwambia dada soma hivi halafu unieleze tunafanya nini na hela tunaomba ya nini. Kila alipokwama nikaandika upya. Akafika kwenye sentensi pekee ya mshauri niliyokuwa nimeirudisha, kwamba hatuna mshindani, akaniuliza, na Mabibo je? Nilifurahi mpaka nikampigia! Mshindani wetu ni soko lenyewe, na dalali anayemkopesha mama wa genge mzigo mpaka jioni. Slaidi hiyo ndiyo iliyoongelewa kuliko zote baadaye. Twiga Foods ya Kenya, iliyoanza 2014 na kupeleka mazao kwa wauzaji wadogo kama sisi, nayo niliiweka, mwekezaji anaijua tayari, ukiificha anaona hujafanya utafiti.

Soko nikalihesabu kuanzia chini: magenge tuliyoyapitia kwa miguu mtaa kwa mtaa, zidisha manunuzi ya wiki, zidisha tunachobakiza. Namba ikatoka ndogo lakini kila kipande nakitetea, na pembeni nikaweka picha ya ukurasa wa daftari, majina ya wateja nimeyaziba.

Halafu tengenezeni mbili, ya kusimama nayo na ya kutuma, ya kutuma iwe na maelezo ya kutosha maana haupo pale kufafanua. DocSend, huduma ya mtandaoni ya kutumia watu deki, walipima 2015 wakakuta mwekezaji anatumia wastani wa dakika 3 na sekunde 44 kwa deki moja. Iwe PDF nyepesi, na uifungue kwenye simu ya kawaida kabla hujatuma.

Slaidi ya hela msiandike kiasi peke yake, andikeni na mtafika wapi nacho. Sisi tuliandika kirikuu ya pili, ghala dogo na magenge mangapi kwa mwaka, na mkataba umefuata hivyo hivyo: awamu ya kwanza tumeshapokea, ya pili inatoka magenge yakifika idadi ile tuliyoiandika wenyewe.