Zima mota kwanza: kujaribu baiskeli za umeme kwenye maonyesho ya Ujerumani

"Wewe unasambaza chakula?" Mwafrika akisogelea kibanda cha baiskeli za umeme hapa Ujerumani, swali hilo linaweza kumfikia kabla hajaulizwa urefu wake, mzigo wake wala umbali anaokwenda kila siku. Kisha anaoneshwa kona ya baiskeli za bei ya chini, huku mteja mwingine pembeni yake akipewa darasa zima la mota na betri. Inaudhi. Kusambaza chakula ni kazi halali, na anayeifanya ndiye anayestahili maelezo ya kina kuliko wote, maana anashinda juu ya tandiko. Sisi wengine nao, wa maghala, wa nyumba za wazee, wa jikoni na wa wodini, tunazihitaji baiskeli hizi kuliko anayetembea nayo kando ya mto siku ya Jumapili. Shifti inaanza alfajiri, basi la kwanza halijatoka, na kusomea leseni ya gari hapa kunaweza kumeza zaidi ya euro 2,500.

Kwa hiyo usiondoke kwa hasira. Baki pale, uliza maswali ya mtu anayejua, na uipande kila baiskeli unayoitaka, ya bei yoyote. Kujaribu ni bure.

Maonyesho makubwa yanayojulikana ni Eurobike, yaliyoanzia Friedrichshafen mwaka 1991 na kuhamia Frankfurt mwaka 2022. Yapo madogo pia katika miji mingi, hasa majira ya kuchipua, na kwa mnunuzi wa kawaida hayo madogo yana faida: foleni ya kujaribu ni fupi na wauzaji wa mji wako ndio wanaosimama pale. Kabla ya kulipa kiingilio angalia siku za umma, kwa sababu maonyesho ya kibiashara huwa na siku za wafanyabiashara peke yao. Nenda mapema. Kufika mchana kunamaanisha betri zimeshachoka na baiskeli ya saizi yako imechukuliwa.

Beba kofia ngumu yako, viatu unavyovaa kazini, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, na begi la mgongoni lenye kilo nane hadi kumi. Chupa za maji zinatosha. Begi hilo lina kazi, nitalieleza. Beba pia kitambulisho, kwa sababu hupewi baiskeli bila hicho. Vibanda vingine hutaka kukishikilia mpaka urudi. Sheria ya vitambulisho vya Wajerumani inakataza kumlazimisha mtu aache kitambulisho chake kama dhamana, kwa hiyo nawe omba kwa adabu wanakili jina na namba tu. Kadi yako ya ukaazi ikipotea, unajua miadi ya ofisi ya wageni ilivyo. Pasipoti usiiache mezani kwa mtu hata kidogo.

Sasa kuhusu sheria, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa na mbio. Baiskeli ya umeme ya kawaida, wanayoiita pedeleki, ina mota isiyozidi wati 250 za nguvu ya mfululizo, inasaidia pale tu unapokanyaga pedali, na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Kisheria hiyo ni baiskeli: haina leseni, haina kibao cha namba, unapita njia ya baiskeli. Aina ya pili, S-pedeleki, inasaidia hadi kilomita 45 kwa saa, na hiyo ni chombo cha moto: inahitaji leseni ya daraja AM (iliyomo ndani ya leseni ya gari), kibao cha bima, kofia ngumu, na kwa kawaida hairuhusiwi kwenye njia ya baiskeli. Leseni yako ya Kenya, Uganda au Tanzania inatambulika kwa miezi sita tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni kuibadilisha, na kwa nchi zetu maana yake ni kufanya mtihani wa maandishi na wa barabarani. Bila hivyo S-pedeleki ni kuendesha bila leseni, na hilo ni kosa la jinai ambalo mwenye makaratasi ya muda hapaswi kulichezea. Ndivyo ilivyo pia kwa kifaa cha kuifungua pedeleki ipite 25. Jamaa atakuuzia kwa bei ndogo na kusema kila mtu anacho. Ukigonga mtu, huna bima.

Ukishakabidhiwa baiskeli, usipande hapo hapo. Rekebisha tandiko: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Baiskeli iliyo chini mno itakufanya udhani mota ni dhaifu kumbe miguu yako ndiyo haipati nafasi. Minya tairi kwa kidole gumba, kwa sababu za maonyesho mara nyingi zina upepo mdogo au zimejazwa kupita kiasi, na tairi laini inafunika mitikisiko ambayo utakutana nayo nyumbani. Halafu shika breki. Hapa breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto, wakati aliyezoea pikipiki anajua ya mbele ni ya kulia. Kwenye breki za diski za mafuta, vidole viwili tu vinatosha kuinua gurudumu la nyuma, kwa hiyo zijaribu ukiwa unakwenda polepole kabla ya kushika kasi.

Muuzaji atakuwa ameiweka kwenye kiwango cha juu kabisa cha msaada. Ni haki yake, ndiyo biashara yake: kila mtu hutabasamu baiskeli inaporuka. Wewe zima mota. Mzunguko wa kwanza uende kwa miguu yako peke yake. Kuna siku betri itaisha katikati ya njia, na kila unapopita kilomita 25 kwa saa hali ni ile ile, mota haisaidii. Baiskeli nzuri ya kilo 24 bado inakwenda. Mbaya utaisikia inavuta nyuma, kama vile breki imegusa, hasa zile zenye mota ya habu (iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu) ya gia isiyoachia vizuri, au mota ya katikati (iliyo penye pedali) yenye msuguano mwingi.

Mzunguko wa pili weka msaada wa chini kabisa. Hapa unasikiliza kihisi, kifaa kinachoiambia mota isaidie lini. Kihisi cha nguvu hupima unavyokanyaga: ukikanyaga kidogo, mota inatoa kidogo. Kihisi cha mzunguko hujua tu kwamba pedali zinazunguka, kwa hiyo mota inachelewa kuanza, kisha inasukuma yote kwa pamoja, na ukiacha kukanyaga inaendelea kusukuma kwa kitambo. Kwenye uwanja mpana tofauti hiyo ni burudani. Kwenye kona yenye barafu, au ukiwa nyuma ya mama anayesukuma kigari cha mtoto, ni hatari. Ili uione waziwazi, kata kona ya mduara mdogo kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, anza tena, mara tatu nne. Baiskeli inayokurusha mbele kwenye kona hiyo, irudishe.

Msaada wa juu uje mwisho, na ukajaribiwe kwenye mwinuko. Viwanja vingi vina mwinuko wa mbao au kilima kidogo. Simama katikati ya mwinuko, ukiwa kwenye gia nzito makusudi, uanze. Hapo ndipo nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya mota ya kuzungusha, zina maana. Mota za katikati za mjini hutoa kati ya 40 na 65, za milimani 85 au zaidi. Kwa mji tambarare na mtu mmoja, 50 zinatosha, na anayekwambia lazima uchukue 85 anakuuzia pia mnyororo unaokwisha haraka. Nguvu yote ya mota ya katikati inapita kwenye mnyororo, na mnyororo huo unaweza kudai kubadilishwa ndani ya kilomita 1,500 hadi 3,000. Usipoupima kwa wakati unakula meno ya gia za nyuma, na bili inakuwa mara tatu. Mkanda wa kaboni unadumu zaidi na hautaki mafuta, ila hauendani na gia za kawaida za nje, zile za mnyororo kuhamahama, na fremu lazima iwe na mahali pa kufunguka ili mkanda uingie.

Kisha vaa begi lako, au lifunge kwenye keria ya nyuma, uende tena. Fremu zile za kupanda bila kurusha mguu, zilizokatwa chini, ni rahisi kwa mwenye sketi au goti bovu, lakini baadhi zinatetemeka usukani ukiwa na mzigo nyuma. Bila begi hutaliona hilo kwenye maonyesho. Utaliona siku ya kwanza unatoka dukani na kilo kumi za unga na viazi, mteremkoni.

Soma pia kibandiko cha uzito wa jumla unaoruhusiwa. Kikisema kilo 130, baiskeli yenyewe imo ndani. Toa 26 za baiskeli, zinabaki 104 za kwako, nguo za baridi, begi na kufuli. Mtu mnene kidogo mwenye kiti cha mtoto nyuma anavuka mara moja, na spoki za nyuma ndizo zinazoanza kukatika.

Betri: usiulize "inaenda kilomita ngapi," maana jibu lililoandikwa kwenye karatasi limepimwa kwa mtu mwepesi, msaada mdogo, hewa ya joto. Uliza wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Kama haijaandikwa, zidisha volti kwa amperi-saa: volti 36 mara 14 ni wati-saa 504. Matumizi ya kweli mjini ni wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita, kwa hiyo betri hiyo ni kilomita 40 hadi 60, na Januari pungufu. Kuijaza toka sifuri hakufiki hata senti 25 za umeme. Kwa chaja ya amperi nne inachukua kama saa nne na nusu. Usiijaze ikiwa imeganda kwa baridi. Iingize ndani ipate joto la chumba kwanza, maana kuchaji chini ya sifuri kunaziharibu seli zisirudi tena.

Ndiyo maana nasisitiza: itoe betri kwa mkono wako mwenyewe pale pale kibandani, na uirudishe. Wengi tunakaa ghorofa ya tatu au ya nne kwenye nyumba za zamani zisizo na lifti, baiskeli inalala uani. Betri inayotoka kwa kuinama matopeni, au isiyotoka kabisa, haimfai mtu wa namna hiyo, hata iwe nzuri kiasi gani. Inyanyue na baiskeli yenyewe pia. Kama una ngazi za kushuka stoo, kilo 25 kila alfajiri si jambo la kupuuza. Zipo za kilo 16 au 17 zenye betri ndogo, ila bei yake ni ya juu.

Bei, ndugu zangu. Wastani wa baiskeli ya umeme iliyouzwa hapa mwaka 2024 ulikuwa karibu euro 2,650. Pikipiki mpya nyumbani ni shilingi ngapi, unajua mwenyewe. Hata hivyo tangu mwaka 2023 Wajerumani wananunua za umeme nyingi kuliko za kawaida, na wengi hawatoi fedha taslimu: mwajiri anaikodi, inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa kawaida miezi 36. Ni mpango mzuri kwa mwenye mkataba wa kudumu. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja, au aliye kwenye majaribio, asome kinachotokea akiacha kazi. Ajue pia kwamba mshahara wake wa makaratasi unashuka, na michango ya pensheni nayo, na posho ya likizo ya uzazi inayokokotolewa juu yake. Ofa ya "leo tu" kibandani usiisaini. Haki ya siku 14 ya kurudisha kitu kilichonunuliwa mtandaoni usiitegemee kwenye maonyesho. Na muulize muuzaji karakana yake iko wapi, kwa sababu mafundi wengi hawagusi mota ya kampuni wasiyoiwakilisha: hawana programu ya kuisoma.

Mwisho ni kwa wale wanaotuandikia, "nitumie moja huku." Ndege ya abiria haipokei betri ya zaidi ya wati-saa 160, na ya baiskeli ni mara tatu ya hapo. Kwa meli inakwenda kama mzigo wa hatari, na makaratasi yake. Ukiituma bila betri, mota nyingi za kampuni kubwa zinakubali betri ya kampuni ile ile tu. Anayepanga kutuma atafute mota ya habu ya volti 36 yenye kidhibiti (kifaa kinachoiongoza mota) cha kawaida, breki za kebo na saizi ya tairi inayopatikana kule, betri ainunue huko huko. Amuulize muuzaji swali moja: mota hii inafanya kazi na betri ya kampuni nyingine? Jibu likiwa hapana, hiyo ni baiskeli ya kutumia huku.